Abdus Salam na Kitabu Chake

Mwanafunzi atokaye katikati ya Nairobi kwa miguu kwenda Westlands hupita Chiromo, mahali Chuo Kikuu cha Nairobi kifundishapo fizikia. Akiwa na hamu ya elimu hiyo, swali moja humkabili: je, sharti nihame kwetu ili nijue? Swali hilo ndilo moyo wa kitabu cha Abdus Salam, Ideals and Realities, kilichotolewa mwaka wa 1984.

Salam alizaliwa Jhang, katika Punjab, mwaka wa 1926. Alisoma Cambridge, akarudi Lahore mwaka wa 1951 kufundisha. Huko hakuwa na mwenzi wa kujadiliana naye nadharia zake. Upweke huo, pamoja na ghasia za mwaka wa 1953 dhidi ya madhehebu yake, ulimwondoa mwaka uliofuata. Mwaka wa 1979 alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa nadharia inayounganisha nguvu ya umeme na sumaku na ile nguvu dhaifu iliyomo katika kiini cha atomu.

Ubora wa kitabu umo katika mifano yake. Salam aweka Taj Mahal kando ya kanisa la St Paul's la London, aonyesha kuwa ustadi wa mafundi ulikaribiana. Kisha aongeza kitabu cha Newton cha mwaka wa 1687, asikione kifani chake katika India ya siku zile. Mfano huu wachoma bila kutukana: mikono ilikuwa hodari, ila nadharia haikupata mlezi.

Kasoro yake ni kurudiarudia, maana mengi yalikuwa hotuba. Tena mwandishi husema na serikali zaidi kuliko na kijana.

Hata hivyo hoja yake aliitimiza kwa matendo. Mwaka wa 1964 alianzisha kituo Trieste, Italia, ambako wataalamu wa nchi maskini hukaa miezi michache, kisha hurudi makwao kufundisha. Katika mkutano wa Trieste wa Desemba 1985 ilizaliwa Akademia ya Sayansi ya Afrika. Rais wake wa kwanza alikuwa Thomas Odhiambo wa Kenya, na makao yake yakawa Nairobi.

Salam mwenyewe hakupata tena kukaa na kufundisha kwao. Alifariki Oxford mwaka wa 1996, akazikwa Pakistan. Aliyekosa njia ya kurudi ndiye aliyewajengea wengine. Msomaji kijana, soma kitabu hiki ukikumbuka hilo.