Pongezi kwa Walimu wa Kibanja
Wanaowafundisha bustani watu wazima wenye ulemavu wanastahili pongezi, na watu wa Kagera wana sababu nzuri ya kuwa wa kwanza kuzitoa. Kibanja cha Bukoba au Muleba, chenye migomba, kahawa na maharage chini yake, kina kazi nyingi ndogondogo: kutandaza nyasi, kupunguza machipukizi, kupogoa majani makavu. Kila moja hufundishika peke yake, hata kwa anayejifunza polepole. Mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006, kinga mojawapo iliyohimizwa ni kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, bila panga, mgomba baada ya mgomba. Kazi kama hiyo humfaa hasa mtu asiyechoka kurudia.

Wapo watakaosema mwalimu mmoja kwa wanafunzi wachache ni gharama. Kweli, lakini mtu mzima anayekaa bure naye huangaliwa na mwingine, mara nyingi mama au dada, ambaye jasho lake halihesabiwi popote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba jembe limetumika kuwaficha wenye ulemavu shambani, walime bila ujira. Hapo nakubali: mafunzo yasiyofika kwenye malipo ni utumwa wenye cheti. Ndiyo maana ile asilimia 2 ya mapato ya ndani, ambayo sheria inazitaka halmashauri ziwakopeshe watu wenye ulemavu, ina uzito. Halmashauri za Bukoba na Muleba ziwafikirie kwanza wahitimu wa bustani.