Heko, Watafuta Visukuku

Mnyama akifa porini, fisi huvunja mifupa yake, jua huipasua, mvua huimalizia ikawa vumbi. Ni michache mno inayowahi kufukiwa na tope la mto au majivu ya volkano hadi ikageuka jiwe. Na hata hiyo, mmomonyoko ukiifichua leo, mvua ya kesho yaweza kuisomba.

Ndiyo maana nawavulia kofia watafuta visukuku wa Turkana. Agosti 1984, Mkenya Kamoya Kimeu alikuwa akitembea Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, penye kokoto nyeusi tupu. Katikati yake jicho lake likanasa kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti, rangi moja na kokoto. Wenzake wakachimba, wakachekecha udongo, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Kazi yenyewe haina kelele: kuinama, kutazama, kurudi tena kesho. Wasomi huandika vitabu, lakini anayeanza kuona ni huyu mwenye vumbi miguuni. Haba na haba hujaza kibaba. Chetu mmekijaza kwa vipande vya mifupa. Hongereni!