Hatamu Zilizolegezwa: Winkler na Halla

Mchezo wa kuruka viunzi kwa farasi, ambamo mpandaji humvusha mnyama wake juu ya fito, kuta na mitaro ya maji kwa mpangilio uliowekwa, na ambamo kila ufito unaoanguka huleta alama nne za adhabu, kwa kawaida husimuliwa kwa hesabu ya medali. Kwa kipimo hicho Hans Günter Winkler wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2018, hahitaji mtetezi, kwani alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1954 na 1955, na kati ya mwaka 1956 na 1976 akajipatia dhahabu tano za Olimpiki, fedha moja na shaba moja. Hata hivyo, ufundi wake ulikuwa mahali ambapo hesabu haifiki: katika kumlea farasi hadi aweze kutenda lililo sahihi pasipo kuamriwa.

Ufundi huo una asili yake kwa Federico Caprilli, afisa wa jeshi la Italia aliyefariki mwaka 1907. Kabla yake wapandaji walizoea kuegemea nyuma farasi aliporuka na kuzishikilia hatamu, hata lijamu, yaani chuma kinachokaa kinywani mwa mnyama, kikamuumiza papo hapo alipohitaji kunyoosha shingo. Caprilli alifundisha kinyume chake, kwamba mpandaji ainame mbele, auinue mwili kutoka kwenye tandiko na kuachia mkono umfuate mnyama, kama nahodha alegezavyo demani upepo unapozidi. Ni jambo jepesi kulieleza na gumu mno kulitenda, kwa kuwa mwanadamu anapoogopa hushika, wala halegezi.

Halla, farasi jike aliyezaliwa mwaka 1945 karibu na Darmstadt, alikuwa mwalimu mkali wa somo hilo. Baba yake alitoka katika ukoo wa farasi wa kukokota vigari vya mashindano, na yeye mwenyewe alikuwa mwepesi wa kushtuka, akipita mikononi mwa waliomwona msumbufu kabla ya Winkler kumchukua mwaka 1951. Farasi wa namna hiyo hakubali nguvu, na pengine ndiyo sababu kazi ya miaka mitano aliyofanyiwa ilikuwa ya subira tupu, siku baada ya siku, bila mtazamaji wa kuipigia makofi.

Matunda yake yalionekana Stockholm mwaka 1956, ambako mashindano ya farasi ya Olimpiki yalifanyika kwa sababu sheria za karantini za Australia zilizuia wanyama wa kigeni kuingia Melbourne. Katika mzunguko wa kwanza, kwenye kiunzi cha pili kutoka mwisho, Halla aliruka mapema kupita kiasi, Winkler akarushwa juu ya tandiko na msuli wa kinena ukachanika, nacho kiunzi cha mwisho kikaangushwa. Kwa kuwa timu ilikuwa na wapandaji watatu na alama za wote zilihesabiwa, kujitoa kwake kungeiangusha Ujerumani nzima. Alipewa dawa ya maumivu, akapandishwa tena, na katika mzunguko wa pili, akiwa hawezi kubana miguu na akilia kwa uchungu kila walipoondoka ardhini, alichoweza kufanya kilikuwa kumwelekeza Halla kwenye kiunzi kisha kumwachia. Halla hakuangusha hata ufito mmoja. Dhahabu ya mtu binafsi na ya timu zilipatikana kwa pamoja.

Wengi huieleza siku hiyo kama ushindi wa farasi pekee, na heshima hiyo Halla anaistahili kikamilifu, lakini kusema hivyo ni kuisahau miaka mitano iliyomfundisha kupima umbali, kuhesabu hatua na kumwamini aliyekuwa mgongoni. Mnyama hawezi kuachiwa kazi ambayo hakupata kufundishwa. Winkler alithibitisha jambo hilo baadaye, alipopata dhahabu za timu mwaka 1964 akiwa na Fidelitas na mwaka 1972 akiwa na Torphy, farasi wenye tabia zao wenyewe, ambao kila mmoja alihitaji kusomwa upya tangu mwanzo. Halla aliishi hadi mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 34, na shirikisho la Ujerumani likaamua kwamba farasi mwingine wa mashindano asipewe jina hilo.