Kengele na Moyo

Sinema iitwayo «The Nun's Story» ilitoka mwaka 1959. Fred Zinnemann aliitengeneza kwa kufuata kitabu cha Kathryn Hulme cha mwaka 1956, na sehemu moja ilipigwa kwetu Kongo, katika Stanleyville, ndio Kisangani ya leo. Watu huisifu kwa sababu ya Audrey Hepburn, anayecheza Sista Luke. Sisi tuulize neno lingine: yatufundisha nini juu ya kumtii Mungu kwa moyo wote?

Tangu mwanzo twasikia kengele. Kengele ikilia, mtawa anaacha kazi, hata maneno yanakatika mdomoni. Mambo haya yameonyeshwa vizuri, bila dhihaka. Lakini hapa pana upungufu wa kwanza: kanuni twaiona sana, na Yule ambaye kanuni imewekwa kwa ajili yake twamwona kidogo tu. Mtu asiyejua utawa atadhani kwamba utii ni kuvunja mapenzi yako, basi. Kumbe ni kumpenda Mungu hata kutaka anayoyataka Yeye.

Angalieni habari ya mtihani. Mama mkubwa mmoja anamwomba Sista Luke ashindwe kwa makusudi katika mtihani wa magonjwa ya nchi za joto, ili apate unyenyekevu. Sista anateseka, mwisho anajibu alivyojua, anafaulu. Je, alikosa utii? Sisi twasema: hapana. Mkubwa hana ruhusa ya kuamuru udanganyifu, maana Mungu hapingani na ukweli.

Lakini kiini cha sinema kiko mahali pengine. Katika Kongo, Sista Aurelie anauawa na mtu mmoja. Illunga, mtumishi wa hospitali, anashangaa kuona masista wanamsamehe mwuaji, na Sista Luke anamweleza sababu. Baadaye vita inafika Ubelgiji, mwaka 1940, na Wajerumani wanamwua baba yake. Sasa fundisho alilompa Illunga linamrudia mwenyewe, naye halibebi. Mikono yatii kengele, moyo unakataa kusamehe. Kwa hiyo anaomba ruhusa, anavua kanzu ya utawa, anatoka peke yake, bila muziki.

Wengine wanamlaumu. Sisi twasifu kwamba hakutaka kumdanganya Mungu. Ila sinema inaishia mlangoni, kana kwamba amri ya kusamehe ni kanuni ya nyumba ya masista tu. Sivyo! Aliyeamuru tuwapende adui ni Yezu Kristu, na aliwaamuru wakristu wote. Sista Luke alivua kanzu, ubatizo hauvuliwi.

Na jambo hilo si la kutushinda. Miaka mitano tu baada ya sinema hiyo, tarehe 1 Desemba 1964, katika Isiro, Sista Anuarite Nengapeta alikataa katakata kumtii afisa wa Simba aliyetaka avunje nadhiri yake. Alipopigwa, alimsamehe, akauawa. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri katika Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Huyo alijua kumkatalia mtu kwa kumtii Mungu, na kumsamehe mtu yule yule kwa utii ule ule.

Mkiiona sinema hiyo, itazameni kwa heshima. Kisha kila mmoja ajiulize: nikija kanisani kengele inapolia, moyo wangu umekuja pia? Au kuna mtu nisiyetaka kumsamehe?