Kupandisha, Kupakua au Kupachika?

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake pekee. Hupimwa kwanza kwa ukweli wa dhana inayoibeba. Jambo dogo la kompyuta linatosha kuthibitisha hayo.

Tuchukue mfano wa ofisi ya Kilwa Masoko inayotumia mafaili yaliyomo katika kompyuta ya Lindi mjini. Kabrasha la Lindi huunganishwa kwa mtandao na kabrasha tupu la Kilwa, na karani hulifungua kana kwamba ni lake. Mfasiri afuataye Kiingereza neno kwa neno ataliita tendo hili "kupandisha", kwani neno la Kiingereza hutumika pia kwa kupanda farasi. Mwingine atasema "kupakua". Yote mawili hayafai.

Katika bandari za pwani hii, kupakia na kupakua ni kazi ya chombo: shehena huhama. Ndiyo maana "kupakua" kunafaa kwa faili linaloletwa likabaki kwetu. Hapa hakihami kitu. Mtandao ukikatika, karani aliyeambiwa kuwa "amepakua" atadhani anayo nakala, kumbe hana. Hasara hiyo itakuwa imeletwa na istilahi.

Sisi tunapendekeza "kupachika". Kisu kilichopachikwa mshipini hubaki kisu, wala hakigeuki mshipi. Aidha, kinyume chake, "kupachua", kimo tayari katika lugha, nacho kinahitajika kwa tendo la kuliondoa kabrasha hilo kwa usalama.

Liko suala la pili. Katika mifumo mingi kazi hii ilikuwa ya kiini cha mfumo. Katika Linux, tangu mwaka 2005, kiini kinaweza kupeleka maombi kwa programu ya kawaida ya mtumiaji, nayo ikayajibu. Katika mfumo wa Hurd, ulioanza kutungwa mwaka 1990, programu za namna hii zina jina la Kiingereza ambalo kamusi hulitafsiri "mfasiri". Tungesema "mkalimani". Mfasiri hukabidhi maandishi akaenda zake. Mkalimani hukaa kati ya wawili hadi mazungumzo yaishe, na akinyamaza, nayo hukoma.

Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri neno, hatuna budi kuuliza: ni kipi kinachohama, na ni kipi kinachobaki?