Gari dogo sawa, kishindilio cha nini?

Mlioangalia makabidhiano ya gari la taka kwenye taarifa ya habari mliliona gari lenyewe: jeupe, ekseli mbili, tairi sita, utepe mbele, na nyuma kishindilio cha haidroliki cha kubana taka kinapanda na kushuka huku wajumbe wakipiga makofi. Hapo hapo palipopigiwa makofi ndipo halmashauri ilipokosea. Siitaji jina, kwa sababu zipo nyingi zilizokwisha kufanya hivyo na nyingine zinajiandaa kwenye bajeti ijayo. Kununua gari dogo la usafi wa mitaa ni jambo sahihi, maana lori la tani kumi halipiti vichochoro vya sokoni. Kulipachika gari hilo kishindilio ni kutumia vibaya fedha za wananchi, na hesabu yake haihitaji profesa.

Chukua chasisi ya daraja lile, yenye uzito wa jumla unaoruhusiwa wa tani 7.5. Chasisi na kabini pekee vinakula kama tani 2.5. Bodi la kompakta, yaani bodi lenye kishindilio, la mita za ujazo 6, pamoja na bamba lake la kubania, silinda, pampu na tangi la mafuta ya haidroliki, linakula tani 2 au zaidi kidogo. Weka dereva na wazoaji wake. Kinachobaki kwa ajili ya taka ni takriban tani 2.8. Sasa tuangalie taka zenyewe. Pipa la nyumbani Ulaya lina karatasi, maboksi na vifungashio, na mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 100 hadi 150. Ukijaza bodi la mita 6 kwa taka za namna hiyo bila kushindilia, umebeba kama kilo 700 tu, gari liko karibu tupu kwa uzito. Pale kishindilio kina kazi: kinabana mara nne, gari linaondoka na mzigo wake kamili.

Taka zetu haziko hivyo. Mita moja ya ujazo, kabla hata bamba halijaigusa, ina kilo 300 hadi 400, na za sokoni wakati wa masika huzidi hapo. Bodi lile lile la mita 6 likijazwa kwa beleshi tu linabeba zaidi ya tani 2. Ukibana kwa theluthi moja, uzito unaoruhusiwa umekwisha. Ukiendelea kubana, kama wanavyofanya vijana wakiona bado kuna nafasi, ekseli ya nyuma inazidiwa, kwa sababu mdomo wa kompakta unaning'inia nyuma ya tairi za nyuma na mzigo mzito unaanzia huko. Tuna Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016. Malori ya mchanga yanaifahamu vizuri. Magari ya halmashauri nayo ni magari.

Linganisha na tipa ya kawaida kwenye chasisi hiyo hiyo. Bodi lake la chuma na jeki ya kuinulia ni kama tani 1. Panga kuta zenye wavu juu, upate mita 10 za ujazo, funika kwa turubai. Inabeba tani 3.5 za taka hizo hizo bila kubana chochote. Yaani tumelipa bei kubwa zaidi tukapata gari linalobeba pungufu. Narudia kwa sababu sijasikia diwani hata mmoja akiliuliza hili: kishindilio kimepunguza mzigo.

Na hiyo ni kabla hatujafika mtaani. Gari hili limenunuliwa kwa usafi wa barabara, kwa hiyo chakula chake kikuu ni taka za kufagia: mchanga, vumbi, majani, tope lililotolewa mitaroni. Mchanga haubaniki. Unaingia kwenye reli linamopita bamba, unakwaruza fimbo ya silinda iliyong'arishwa, unakata sili, na mafuta yanaanza kuvuja. Mtu anayetaka kuona kwa macho aende soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, Dar es Salaam, kompakta inapopakia. Bamba linashuka juu ya mikungu, maganda na matunda yaliyooza. Injini inanguruma, maana pampu inakula nguvu ya injini kila bamba linapotembea. Kisha maji meusi yanachuruzika kwenye kingo za mdomo na kufuata lami hadi kwenye mtaro. Ukamuaji huo ndio kazi kubwa inayofanyika pale. Gari la kusafisha mtaa linaacha mstari wa maji ya taka kila linaposimama, na maji hayo yana chumvi na asidi ya kutosha kula bati la bodi mapema mno.

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wa zabuni hawakulitia kwenye hesabu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini. Chupa za plastiki zinaokotwa na vijana kabla gari halijafika, maboksi vilevile, makopo vilevile. Vitu vyepesi, ambavyo kishindilio kingeweza kuvibana kwa faida, vinaondoka mtaani kabla. Kinachobaki ni chakula chenye maji na mchanga. Tumenunua mashine ya kubana wakati ambapo vya kubana vimepungua.

Nimeliandika hili huko nyuma na nitaliandika tena: maelezo ya kiufundi ya zabuni zetu yananakiliwa kwenye vipeperushi vya wauzaji. Hakuna anayepima taka za mji wake kwanza. Kazi yenyewe ni ndogo: pipa la lita 200, mzani, na siku chache za kupita kwenye masoko na mitaa. Fundi wa gereji ya halmashauri haitwi kwenye kikao, ila ndiye atakayetafuta mpira wa haidroliki uliopasuka na kuambiwa unaagizwa nje. Kompakta asili yake ni Marekani. Kampuni ya Garwood ya Detroit iliingiza Load-Packer yake sokoni mwaka 1938. Ni chombo kizuri kwa taka nyepesi na barabara ngumu. Hatuna la kwanza, na la pili tunalo nusu.

Faida moja ya kweli niitaje: mdomo wa kompakta uko chini, mzoaji hainui kapu juu ya kichwa. Hilo linatibika kwenye tipa kwa mlango wa ubavuni na kizimba chenye jukwaa.

Dar es Salaam ilikwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 1992 taka zilizokuwa zikizolewa hazikufika asilimia 5 ya zilizozalishwa, na si kwamba jiji halikuwahi kupewa malori. Lilipewa, ya msaada kutoka Japani, na mengi yakawa yamelala yadi. Mwaka 1994 kata za katikati ya jiji zikakabidhiwa kampuni binafsi, Multinet Africa. Kisha ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, 1996 hadi 2000, na hapo ndipo mji ulipobadilika. Maeneo yaligawiwa kwa makampuni madogo na vikundi vya wananchi, kina mama wakiwemo, na pale lori lisipofika mkokoteni ulifika. Watu wa wakati ule walianza na mtaa, wakauliza nini kinapita humo, kisha wakatafuta chombo. Siku hizi tunaanza na chombo.

Mwenye kichwa cha namna hiyo hiyo alikuwa Manus Coffey, mhandisi wa Ireland. Mwaka 1995 shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lilimpa tatizo la vyoo vya Kibera, Nairobi, ambako gari la majitaka haliingii. Akabuni Vacutug: tangi la lita 500, injini ndogo ya petroli, mwendo wa mtu anayetembea. Ilikuwa na udhaifu wake, hasa safari ikiwa ndefu, ila ilipita pale ilipotakiwa kupita na mafundi wa hapo hapo waliweza kuifungua. Mwaka 2010 yeye na Adrian Coad waliandika kitabu kizima kuhusu uzoaji wa taka katika nchi zinazoendelea, kikachapishwa na UN-Habitat, na onyo kuhusu kompakta na taka nzito limo. Ofisi ngapi za mazingira zimekifungua?

Safari ndefu nayo ni hoja. Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi dampo la Pugu Kinyamwezi ni kama kilomita 30. Gari dogo la aina yoyote halipaswi kwenda huko. Linapaswa kumwaga kwenye kituo cha karibu, lori kubwa libebe. Fedha zilizokwenda kwenye silinda na pampu zingeanzisha kituo hicho, zikaongeza guta kadhaa za kuingia uchochoroni.

Madiwani mtakaoletewa ombi la gari la pili, msilipitishe bado. Lipelekeni hili la kwanza kwenye mzani likiwa tupu, kisha likiwa limejaa taka za soko, na namba zote mbili zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri kabla ya kikao cha bajeti.