Kitabu cha Picha Hakihitaji Maswali ya Mwisho

Vitabu vyetu vingi vya watoto vina ugonjwa mmoja: hadithi ikiisha tu, ukurasa unaofuata unakuuliza maswali. Nani alikuwa mvivu? Umejifunza nini? Mtoto aliyekuwa amekuegemea begani anakaa wima, na wewe mzazi umeshageuzwa mwalimu ukiwa kwenye mkeka wako.

Chanzo chake naona ni hiki. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulifanya kazi kubwa: ulinunua sehemu kubwa ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni. Bila mradi ule, waandishi na wachoraji wengi wasingechapishwa kabisa. Ila mnunuzi mkuu akiwa shule, kitabu nacho kinavalishwa sare.

Ndiyo maana nataka kukisifu kitabu kisicho na sare: The Amazing Tree cha John Kilaka, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2009. Kilaka ni Mtanzania, mchoraji wa Tingatinga, na vitabu vyake vilipata mlango Uswisi, kwa Kijerumani, kabla ya kusomwa kwingi. (Hilo peke yake linastahili makala.) Hadithi ni ya njaa. Mti umejaa matunda yaliyoiva lakini hayaanguki mpaka mti uitwe jina lake, na jina analijua Kobe. Wanyama wakubwa wanalifuata, wanalisahau njiani. Sungura ndiye analifikisha. Hapa Sungura hamtapeli mtu, anakumbuka tu, na mimi nimempenda zaidi hivyo.

Nakala yetu husafiri. Dada yangu yuko Korogwe, mama yuko Handeni, na kitabu kinakwenda na kurudi kwenye begi la watoto. Mama hasomi Kiingereza. Anasoma picha, na kwa kweli anazisoma kuliko sisi. Mimi nikikimbilia maandishi ili nitafsiri papo hapo, yeye ananizuia: "Subiri kwanza, huyu kavaa hivi anakwenda wapi?" Wanyama wa Kilaka wamevaa nguo za rangi kali, wana macho makubwa, na kila mmoja ana shughuli yake. Mama anawapa sauti, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kizigua. Akifika kwenye njaa anaacha kitabu na kusimulia miaka ya ukame aliyoiona Handeni, watoto kimya. Kisha unaanza ubishi wa mti. Mama anasema mkuyu. Shemeji, mtu wa Korogwe, anashikilia ni mwembe. Kitabu kinawaachia wabishane, na hiyo ndiyo nafasi ambayo maswali ya mwisho huwa yanaiziba.

Raha kubwa ni lile jina refu. Bibi yao analikosea makusudi, wajukuu wanamrekebisha kwa kelele. Mtoto wa miaka minne anajua kitu ambacho wanyama wakubwa wote wamekisahau. Hebu niambie ni zoezi gani la ufahamu litampa hadhi hiyo.

Kasoro zipo. Katikati safari ya kwenda kwa Kobe inajirudia, na mtu mzima akisoma mara ya tatu usiku huohuo anaanza kuruka kurasa. Hafiki mbali, watoto wanamkamata. Dada anapenda zaidi True Friends, ambamo Tembo anakalia chakula cha rafiki yake Panya wakati wa ukame. Mimi naona kina uchungu mwingi kwa wadogo, ila yeye anasema watoto wanaujua uchungu huo toka kwenye sahani ya nyumbani. Hatujakubaliana.

Kuna pia African Storybook, hadithi za bure za Kiswahili kwenye intaneti, na nyingine ni nzuri sana. Tatizo ni skrini ya simu: vichwa vitano haviingii, na bibi anaachwa nje ya duara akitafuta miwani.

Juzi niliulizia kitabu cha picha cha Kiswahili kwenye duka moja la vifaa vya shule Korogwe, cha kusoma na mama. Muuzaji akanipa kitabu cha silabi. Kina picha ya nanasi kwenye herufi N, na chini yake mistari ya kujaza majibu.